Ukoo, Mlango, Tumbo: Kuchora Undugu wa Watu Usiowajua

Mfanyakazi anaomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yake. Anapewa. Miezi minane baadaye anarudi kwa msimamizi yuleyule na ombi lilelile: baba amefariki. Msimamizi, aliyekulia kwenye nyumba ya baba, mama na watoto wawili basi, anafungua faili, anaiona ruhusa ya kwanza na kuandika pembeni: udanganyifu. Hakuna aliyedanganya. Wa kwanza alikuwa baba aliyemzaa, wa pili ni kaka wa baba huyo, na katika lugha ya mfanyakazi wote wawili wana jina moja na haki moja ya kuzikwa na mtoto wao.

Kosa la namna hii hutokea kila wanapokutana watu wa malezi tofauti, iwe kazini, wodini, kwenye nyumba ya kupanga au katika ndoa. Chanzo ni kimoja: kila mtu anadhani mlango wa familia uko palepale ulipo kwao. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu kinazo daraja zake tayari: ukoo ni wote wa asili moja, mlango ni tawi ndani ya ukoo, tumbo ni wale waliotoka kwa mama mmoja. Ukishajua mwenzako anasimamia daraja ipi anaposema "kwetu", utaelewa kwa nini anamkopesha huyu bila kuandikiana na yule anamtaka mdhamini, kwa nini rafiki wa miaka kumi bado anapokelewa sebuleni wakati mgeni wa jana ameingizwa hadi jikoni.

Usiulize "mila zenu zikoje?" Utapewa hotuba. Chora.

Chombo chenyewe ni cha zamani. W. H. R. Rivers, daktari Mwingereza aliyekwenda visiwa vya mlango-bahari wa Torres mwaka 1898, aliona kwamba maneno ya undugu yakitafsiriwa yanaharibika, basi akajibana kwenye matano tu: baba, mama, mtoto, mume, mke. Kila uhusiano mwingine aliufikia kwa kupanga hayo matano. Badala ya kuuliza "mjomba wako ni nani?" aliuliza mama alizaliwa na nani, na huyo mzazi alizaa nani wengine. Mwaka 1910 alichapisha maelezo ya utaratibu huo, na mpaka leo hakuna uliouzidi kwa urahisi.

Unahitaji karatasi kubwa iliyolazwa kwa upana, penseli, kifutio na daftari la pembeni. Kalamu ya wino iache nyumbani. Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke. Alama ya sawa (=) kati yao ni ndoa; ikikatwa kwa mkwaju ni talaka. Mstari wima unamshusha mtoto kwa wazazi, na mstari mlalo ulio juu ya vichwa unawafunga ndugu. Aliyefariki anapigwa mkato. Anayezungumza anapakwa rangi nyeusi na kuwekwa katikati, si juu wala chini. Juu yake acha nafasi ya vizazi viwili angalau, na chini yake viwili.

Kila mtu mpe namba, na hili watu hulidharau wakaja kulijutia. Kwenye koo ambazo mtu huoa binti wa ami yake, kama ilivyo katika jamii nyingi za Kiarabu, utamfikia babu mmoja kwa njia mbili au tatu. Bila namba utamchora mara tatu, karatasi itajaa watu wasiokuwepo, na utadhani familia ni pana kumbe imejikunja. Kwenye koo zinazokataza kuoa ndani, mambo huwa kinyume: mistari inakimbilia nje ya karatasi, kila ndoa inafungua familia usiyoijua. Mwaka 1889 Edward Tylor, mwanaanthropolojia Mwingereza, alidai kwamba jamii ndogo zilikuwa na chaguo mbili tu, kuoana na majirani au kuuawa nao. Alitia chumvi, lakini mchoro unaonyesha alichokuwa akikiona. Mwenye wakwe katika vijiji sita ana mahali sita pa kulala, na ugomvi wowote kati ya vijiji hivyo una watu wasioutaka.

Mpangilio wa maswali nao una maana. Anza upande wa mama, hata kama unajua kwamba hapo watu huhesabu ukoo kwa baba. Ukianza na baba, hasa mbele ya wazee, utapewa orodha ya mababu iliyokaririwa, safi, isiyo na mtu aliyegombana na mwenzake. Uliza: mama aliyekuzaa anaitwa nani? Amezaa wangapi, pamoja na waliokufa? Wataje walivyofuatana. Kuna aliyezaa naye mwingine? Kisha ndugu zake mama, kwa kufuatana kuzaliwa, na watoto wao. Halafu baba, vivyo hivyo. Usiguse maneno ya undugu kabisa mpaka watu wote wawe wamekaa kwenye karatasi.

Ndipo unarudi kwa kila mmoja na maswali mawili: wewe unamwitaje, na yeye anakuitaje? La pili ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linaloonyesha nani yuko juu ya nani. Mawifi wanaitana wifi, mashemeji wanaitana shemeji. Hapo pana usawa, na penye usawa mara nyingi pana mzaha. Mjomba hamwiti mpwa wake mjomba, ila kwa kumdekeza. Hapo kuna anayetoa na anayepokea.

Mazungumzo ya kawaida huenda hivi:

"Huyu wa tatu kwenye mstari, namba 14, unamwitaje?"

"Baba."

"Ndiye aliyekuzaa?"

"Aa, aliyenizaa ni yule namba 12. Huyu ni mdogo wake."

"Kwa hiyo ni baba mdogo."

"Ni baba. Hilo la mdogo nalisema nikikutajia wewe."

Jibu hilo la mwisho liandike neno kwa neno. Linakwambia kuna jina la kuitia na jina la kutajia, na kwamba yanatofautiana. Anayeandika "baba mdogo" akafunga daftari amepoteza nusu ya alichoambiwa. Anayeandika "ami au mjomba" kwa sababu lugha yake ina neno moja kwa wote amepoteza yote.

Mchoro ukikamilika, macho yaende kwanza kwa watoto wa ndugu za wazazi. Hapo ndipo tofauti hujitokeza wazi kuliko popote. Kiingereza kinawatia wote kapu moja, awe mtoto wa shangazi au wa baba mkubwa. Wahawaii wa jadi waliwaita wote kaka na dada, na wazazi wote wa kizazi cha juu makua. Kichina kinauliza mambo matatu kabla ya kumpa mtu jina: yuko upande wenye jina la ukoo wetu au la, ni wa kiume au wa kike, na ni mkubwa au mdogo kuliko mimi. Halafu kuna mpangilio ambao Lewis Henry Morgan, mwanaanthropolojia Mmarekani, aliukuta kwa Waseneca wa Amerika Kaskazini na kuueleza mwaka 1871: kaka wa baba ni baba, dada wa mama ni mama, watoto wao ni ndugu zako, ila kaka wa mama na dada wa baba wana majina yao, na watoto wao si ndugu kwa maana ileile. Mswahili akisoma hayo haoni cha ajabu. Baba mkubwa, mama mdogo, mjomba, shangazi: ni mpangilio uleule. (Neno binamu limechakaa tu kwa kutumiwa na kila mtu, asili yake ni ya Kiarabu, mwana wa ami, na halikuwa la mtoto wa mjomba.)

Kwa nini mambo haya yamhusu mtu asiyekusudia kuandika tasnifu? Kwa sababu palipo na baba watano, yatima ni nadra na mtoto aliyeachwa peke yake ni aibu ya wengi. Upande wa pili wa hilo ni kwamba kijana mwenye mshahara wake wa kwanza ana wazazi watano wa kuwakumbuka. Jirani yake wa malezi mengine anamwona mbadhirifu asiyeweza kuweka akiba. Kumbe anaweka, ila kwa watu.

Kuhesabu umbali nako kuna mitego. Wakorea hutumia hatua zinazoitwa chon: toka kwako hadi kwa mzazi ni moja, hadi kwa ndugu ni mbili, kwa kaka wa baba tatu, kwa mwanawe nne. Majina yenyewe ni namba, maana samchon, yaani ami, ni "hatua tatu", na sachon, mtoto wa ami, ni "hatua nne". Sheria ya Kirumi nayo ilihesabu hivyo, kupanda hadi kwa babu wa pamoja kisha kushuka. Lakini Kanisa la Kilatini la zama za kati lilihesabu upande mmoja tu, kwa hiyo watoto wa ndugu wawili walikuwa daraja ya pili, si ya nne. Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa hilo, wa mwaka 1215 ulipopunguza katazo la ndoa kutoka daraja ya 7 hadi ya 4, ulikuwa bado unakataza ndoa kati ya watu wenye babu mmoja wa babu. Hivyo ukiambiwa "ni ndugu wa nne", uliza kwanza: mnahesabuje?

Mchoro peke yake ni mifupa. Nyama iko kwenye karatasi ya pili, ya wajibu. Iandae kwa maswali manne, na kwa kila swali rudi kwenye namba, usikubali majibu ya jumla. Nyumba ya nani unaweza kufika usiku bila kupiga simu? Nani akikuomba fedha huwezi kusema huna? Mbele ya nani huwezi kutania wala kukaa ukiwa umekunja nne? Na ukifa, nani ana kauli ya mwisho juu ya pa kukuzika? Orodha hizo nne hazilingani hata siku moja, na pale zisipolingana ndipo utakapoielewa familia. Kwa Waminangkabau wa Sumatra Magharibi nyumba na mashamba ya ukoo hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na anayesimamia watoto kwa mambo ya ukoo ni mamak, mjomba. Baba yupo, anapendwa, anahangaikia wanawe, lakini ukipeleka shauri la ardhi kwake umepeleka kwa mtu asiye na muhuri. Wakati huohuo ana wapwa wake kwa dada zake wanaomsubiri. Mgeni anayejua familia za baba tu huona baba dhaifu. Yeye si dhaifu. Ofisi yake iko kwenye nyumba nyingine.

Undugu unavyomtoa mtu nje au kumfungia ndani huonekana vizuri kwenye kutafuta kazi. Mark Granovetter, mwanasosholojia Mmarekani, aliwahoji watu wa Newton, mji wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni, na kuchapisha matokeo mwaka 1973. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Mtu wa mbali ndiye aliyeleta habari mpya, kwa sababu wa karibu anajua kile unachokijua wewe. Tangu hapo washauri wengi wa ajira wanakariri: panua mtandao, usitegemee ndugu.

Sasa nenda Tianjin, mji wa China. Mwanasosholojia Yanjie Bian alitumia mahojiano yaliyofanyika huko mwaka 1988, wakati kazi zilipangwa na serikali, na mwaka 1997 akaonyesha picha tofauti kabisa: watu walizipata kazi kwa mahusiano ya nguvu, ya ndugu na marafiki wa damu, mara nyingi kwa kupitia mtu wa kati aliyeaminiwa na pande zote mbili. Utafiti mmoja haukuufuta mwingine. Newton palikuwa na uhaba wa habari, na habari husafiri kwa watu wa mbali. Tianjin habari haikuwa tatizo. Kilichotafutwa ni afisa akubali kupindisha utaratibu kidogo, na hakuna anayejihatarisha hivyo kwa mtu anayeonana naye mara moja kwa mwaka. Somo la kutumia ni hili: kabla ya kumshauri mtu atumie ndugu au awaepuke, uliza kinachokosekana ni habari au ni dhamana. Ushauri uliotolewa bila swali hilo umewaharibia wengi, hasa wahamiaji wanaohama toka mji wa dhamana kwenda mji wa habari na kuendelea kuwasubiri watu wa nyumbani wawapigie debe.

Undugu pia unakula muda, na muda hauongezeki. Robin Dunbar, mtafiti Mwingereza anayejulikana kwa hesabu yake ya watu wapatao 150 ambao mtu mmoja anaweza kuwa nao katika mahusiano ya kweli, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba wenye familia kubwa huwa na marafiki wachache. Si kwamba wana roho mbaya. Nafasi zimejaa. Yeye na Sam Roberts waliwafuatilia vijana kwa miezi 18 tangu walipokuwa wanamaliza shule, na wakaona urafiki usiotunzwa unapoa haraka, undugu haupoi kwa kasi hiyo. Ukikutana na mtu mwenye ndugu hamsini kwenye karatasi, usimhukumu kwa kutokupigia simu. Huyo ukitaka kuwa karibu naye, njia ya mkato ni kuingia kwenye karatasi yenyewe.

Na kuingia kunawezekana, karibu kila mahali, kwa njia zilizowekwa. Mtoto aliyenyonyeshwa na mama asiye wake anakuwa ndugu wa kunyonya katika Uislamu na hawezi kuoana na watoto wa mama huyo. Madhehebu ya Shafi yanataka manyonyesho 5, ya Hanafi na ya Maliki yanatosheka na moja, yote yakiwa katika utoto wa mapema. Kwa hiyo wanawake wawili majirani wakinyonyeshana watoto wameamua jambo kubwa la ndoa za baadaye, na liandikwe, maana baada ya miaka ishirini mashahidi huwa wamekufa. Amerika ya Kilatini uzito wa ubatizo hauko kwa mtoto peke yake bali kati ya mzazi na msimamizi, wanaoitana compadre. Mkulima akimchagua tajiri amejipatia mlinzi, akimchagua mkulima mwenzake amefunga fundo lililokuwepo. Wajuʼhoansi wa Kalahari humfanya mtu ndugu kwa kulingana jina, nasi tunalijua hilo tunapomwita mwenye jina letu "somo". Warlpiri wa Australia ya kati wana makundi 8 ya undugu, na mgeni atakayekaa nao hupangiwa lake. Asipokuwa nalo hakuna ajuaye amkwepe kama mkwe au ataniane naye. Japani huasili hata watu wazima: Osamu Suzuki, aliyeiongoza kampuni ya magari ya Suzuki kwa miongo, alizaliwa Matsuda, akaoa ndani ya familia ya Suzuki na kulichukua jina la wakwe zake.

Kosa la wageni ni kudhani kuitwa "dada" au "mwanetu" ni ukarimu wa mdomo. Mara nyingine ni hivyo. Mara nyingine ni ankara. Dalili ya kuwatenganisha ni moja: kama jina limekuja na watu, yaani umeambiwa huyu sasa ni mama yako na wale ni wadogo zako, umechorwa. Kama limekuja peke yake sokoni, ni salamu.

Mambo mengine ya kuharibu kazi ni madogo lakini yanaudhi. Kuuliza mbele ya kadamnasi, kwani watoto wa nje ya ndoa hawatatajwa. Kulazimisha majina pale yasipotajwa: jamii nyingi za asili za Australia hukwepa jina la marehemu, na mke wa Kizulu anayefuata hlonipha, desturi ya heshima, hatamki hata silabi za jina la mkwewe, tumia namba, usibishane. Kuwaacha waliohama, ilhali mara nyingi wao ndio wanaolipa ada. Kuchukua kanuni badala ya matendo: mtu atakwambia mjomba ndiye husomesha, na ukiuliza nani alikusomesha wewe atataja shangazi. Andika vyote viwili. Kubaya zaidi ni kuingilia. Mchoro utakuonyesha nyufa mapema kuliko unavyopaswa kuzijua, nawe si wa kwanza kuambiwa: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune.

Mchoro pia huzeeka. China ilianza sera ya mtoto mmoja mwaka 1980 na kuiacha mwanzoni mwa 2016. Palipokuwa na vizazi viwili vya mtoto mmoja mmoja, msamiati mzima wa ami, shangazi na watoto wao ungalipo kwenye lugha, lakini kwenye karatasi hakuna wa kuitwa. Mistari inakuwa fimbo: wanne juu, wawili katikati, mmoja chini.

Kwa mtu mmoja tenga vikao viwili vya saa moja moja, na siku mbili tatu katikati, apate kuulizia nyumbani. Kikao cha pili kikikaribia mwisho, mgeuzie karatasi, mpe penseli na umuulize: nani hayumo? Atainama, atahesabu kwa kidole, na mara nyingi jina la kwanza kutoka ni la mtu ambaye familia haijakubaliana kama ni wao. Mchore kwa nukta badala ya mstari, mpe namba inayofuata, na siku hiyo usiulize kwa nini.